Muziki: Euronymous, kijana wa metali aliyebisha kwenye mlango wa fundi wa sauti za umeme

Mpiga gitaa Øystein Aarseth, anayejulikana zaidi kwa jina la Euronymous, aliuawa mjini Oslo, mji mkuu wa Norwei, siku ya Jumanne tarehe 10 agosti 1993. Alikuwa na umri wa miaka 25. Wengi wanaolitaja jina lake hutaja kwanza damu, makanisa yaliyochomwa na kesi iliyofuata mahakamani. Wachache ndio wanaojua kwamba kijana huyo, aliyehubiri kila mahali kuwa muziki wake lazima uogopeshe watu, alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki wa elektroniki wa Ujerumani. Wachache zaidi wanajua kwamba diski ya kwanza ya kundi lake inafunguliwa na kipande ambacho si cha metali hata kidogo.

Aarseth alizaliwa tarehe 22 machi 1968 huko Egersund, mji wa bandari kusini-magharibi mwa Norwei. Alikulia Ski, mji mdogo ulio kusini mwa Oslo, mahali penye utulivu ambapo kijana anayetaka kelele alilazimika kuzitafuta mbali. Kelele zenyewe zilitoka Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi la Venom kutoka Newcastle lilikuwa limeuchukua muziki wa metali na kuufanya mchafu zaidi, wa kasi zaidi, wenye maneno ya shetani na jehanamu. Mwaka 1982 Venom walitoa diski iliyoitwa Black Metal, yaani metali nyeusi, na jina hilo ndilo lililokuja kubatiza aina nzima ya muziki.

Kwa msomaji asiyeuzoea, metali ni mtoto wa roki. Gitaa za umeme hupandishwa sauti mpaka zinakwaruza, ngoma hupigwa kwa nguvu na kwa haraka, na mwimbaji mara nyingi hulia au kunguruma kuliko kuimba. Metali nyeusi ilikwenda mbali kuliko hapo. Wapenzi wake walitaka sauti ya baridi, ya giza, iliyorekodiwa vibaya kwa makusudi ili isimpendeze mpita njia.

Kunako mwaka 1984, Aarseth akiwa na umri wa miaka 16, alianzisha kundi la Mayhem pamoja na Jørn Stubberud, aliyepiga gitaa la besi na kujiita Necrobutcher, na Kjetil Manheim, aliyepiga ngoma. Jina la kundi walilitoa katika kipande kimoja cha Venom. Yeye mwenyewe alijipa jina la Euronymous, linalotokana na lile la pepo wa hadithi za kale za Wagiriki. Mwaka 1986 walitoa kaseti yao ya kwanza. Sauti yake ilikuwa mbovu kiasi kwamba hakuna redio ambayo ingethubutu kuipiga. Lakini kaseti hizo hazikuhitaji redio. Zilisafiri kwa posta.

Huo ndio uliokuwa mtandao wa vijana hao kabla ya intaneti. Mtu wa Norwei alimwandikia mtu wa Uswidi, wa Brazili au wa Japani, akaweka kaseti ndani ya bahasha, na baada ya wiki kadhaa akapokea nyingine. Euronymous alikuwa hodari katika kazi hiyo. Aliandika barua nyingi, alijibu barua nyingi, na kupitia bahasha hizo alijenga jina la Mayhem katika nchi ambazo hakuwahi kukanyaga.

Masikio yaliyokwenda Berlin

Hata hivyo masikio ya Euronymous hayakuishia kwenye gitaa. Alipenda sana muziki uliotengenezwa Ujerumani ya Magharibi tangu mwisho wa miaka ya 1960, muziki usio na mwimbaji na mara nyingi usio na wimbo wa kushika kichwani. Kundi la Tangerine Dream, lililoanzishwa na Edgar Froese mjini Berlin, lilikuwa miongoni mwa aliowapenda. Klaus Schulze pia, aliyeanza kama mpiga ngoma kisha akaziacha ngoma na kubaki na mashine. Wanamuziki hao walitumia sintesaiza, vyombo vya umeme vinavyotengeneza sauti ambazo hakuna uzi wala ngozi inayoweza kuzitoa. Kipande chao kimoja kiliweza kujaza upande mzima wa diski, sauti zikipanda na kushuka polepole kama maji ya ziwa usiku.

Lakini aliyemvuta kuliko wote alikuwa Conrad Schnitzler. Mzee huyo alizaliwa mwaka 1937 huko Düsseldorf. Hakutoka shule ya muziki. Alijifunza uchongaji wa sanamu kwa msanii mashuhuri Joseph Beuys, na alipogeukia sauti alizishughulikia kama mchongaji anavyoshughulikia jiwe: anapiga, anakata, anatazama kilichobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Zodiak, ukumbi wa Berlin Magharibi ambapo kila mtu aliruhusiwa kujaribu sauti yoyote. Alishiriki katika diski ya kwanza ya Tangerine Dream, Electronic Meditation, iliyotoka mwaka 1970. Baadaye alianzisha kundi la Kluster pamoja na Hans-Joachim Roedelius na Dieter Moebius, kisha akaenda njia yake peke yake. Diski zake za kwanza alizipa majina ya rangi, nyekundu mwaka 1973 na bluu mwaka 1974. Nyingine nyingi alizitoa mwenyewe, kwa nakala chache, au kwenye kaseti.

Hapo ndipo mtu anaweza kuelewa kwa nini kijana wa metali wa Norwei alivutwa na mchongaji wa Berlin. Kwa sikio la haraka wawili hao hawana undugu. Mmoja anapiga kelele, mwingine anakaa kimya mbele ya mashine. Lakini wote wawili walikuwa wamekataa kitu kilekile: kwamba muziki lazima upendeze, uuzike na uchezeke. Wote wawili walitoa kazi zao bila kusubiri ruhusa ya makampuni makubwa. Na wote wawili waliamini kwamba sauti ngumu inaweza kumpeleka msikilizaji mahali ambapo wimbo mtamu haumfikishi.

Kisa cha safari ya Euronymous kwenda kwa Schnitzler kimesimuliwa mara nyingi kati ya wapenzi wa metali. Inasimuliwa kwamba kijana huyo alipata anwani ya nyumba yake huko Berlin, akaenda na kukaa nje kwa muda, mpaka wenye nyumba walipomkaribisha ndani. Wakanywa chai. Akaeleza habari za kundi lake na kuomba kipande kimoja cha kufungulia diski waliyokuwa wakiiandaa. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku hiyo mgeni ndiye aliyeondoka na dawa. Schnitzler, ambaye alikuwa na rundo la rekodi katika hifadhi yake, alichagua moja na kumpa.

Kipande hicho kinaitwa Silvester Anfang. Kwa Kijerumani, Silvester ni usiku wa kuamkia mwaka mpya, na Anfang ni mwanzo. Kina urefu wa karibu dakika mbili tu. Ndani yake mna midundo ya mashine inayotembea kama kikosi cha askari wasio na miili. Mayhem walikiweka mwanzoni mwa diski yao ya Deathcrush, iliyotoka mwezi wa agosti 1987 kwa nakala 1000. Diski hiyo haifiki hata dakika ishirini. Mnunuzi aliyeiweka kwenye mashine akitegemea gitaa la kukwaruza, alikutana kwanza na mzee wa Berlin.

Jehanamu ya Oslo

Mwaka 1988 kundi lilibadilika. Per Yngve Ohlin, kijana wa Uswidi aliyejiita Dead, yaani mfu, alifika kuwa mwimbaji. Jan Axel Blomberg, anayeitwa Hellhammer, alichukua ngoma. Wakati huo Mayhem walianza kupaka nyuso zao rangi nyeupe na nyeusi kama maiti, mtindo ambao Dead aliuchukulia kwa uzito kuliko wenzake wote. Tarehe 26 novemba 1990 walipiga muziki mjini Leipzig, wiki chache baada ya Ujerumani mbili kuungana, na rekodi ya usiku ule imebaki kuwa moja ya hazina za metali nyeusi.

Dead alikuwa kijana mgonjwa wa roho, na maneno aliyoandika kuhusu kifo hayakuwa mchezo wa jukwaani. Tarehe 8 aprili 1991 alijitoa uhai katika nyumba ambamo wanamuziki hao waliishi pamoja, nje ya Oslo. Alikuwa na umri wa miaka 22. Euronymous ndiye aliyemkuta. Kabla ya kuita polisi, alipiga picha za mwili wa rafiki yake. Necrobutcher aliposikia jambo hilo alikasirika sana, na akaachana na kundi. Kitendo hicho hakijawahi kufutika katika maisha ya Euronymous, na hakistahili kufutwa. Kilionyesha kwamba kinyago alichovaa kilikuwa kimeanza kushika ngozi.

Mwaka huohuo wa 1991 alifungua duka la diski mjini Oslo, katika mtaa wa Schweigaards gate. Aliliita Helvete, neno la Kinorwei lenye maana ya jehanamu. Jengo lilikuwa kubwa kuliko biashara yenyewe, na kodi ilikuwa nzito. Lakini ghorofa ya chini ya ardhi ikawa mahali pa kukutania vijana waliokuja kuwa majina makubwa: wale wa Darkthrone, wa Emperor, na Varg Vikernes kutoka Bergen, aliyefanya muziki peke yake kwa jina la Burzum. Euronymous alikuwa na miaka 23 tu, lakini mbele ya vijana wa miaka 17 na 18 alionekana kama mkubwa wa ukoo. Neno lake lilipima nani ni wa kweli na nani ni wa uongo.

Pamoja na duka aliendesha kampuni ndogo ya kutoa diski, Deathlike Silence Productions. Katika kazi hiyo masikio yake mapana yalionekana tena. Alitoa muziki wa Burzum. Alitoa pia muziki wa Abruptum wa Uswidi, watu wawili ambao hawakutunga nyimbo zenye mwanzo na mwisho, bali waliachia sauti, vilio na vyombo vikaenda vyenyewe. Aliandikiana na kundi la Sigh la Tokyo, nalo akalikubali, wakati watu wengi hawakujua kama Japani kuna metali nyeusi. Katika miaka yake ya mwisho, Sigh lilikuwa mojawapo ya makundi aliyoyatilia nguvu.

Hapo pana fumbo la mtu huyu. Mbele ya wageni na waandishi wa magazeti madogo ya metali alijenga ukuta: huyu aingie, yule atoke, furaha ni marufuku, uovu ni sheria. Nyuma ya ukuta huohuo alikuwa na masikio yasiyo na mipaka. Kijana aliyemfuata dukani alijifunza ukali wake kwa siku moja. Upana wake ulihitaji muda zaidi, na muda haukuwapo.

Mdomo na kisu

Tarehe 6 juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa moto. Asili ya jengo hilo ilikuwa ya karne ya 12. Makanisa mengine yakafuata. Katika maneno ya Helvete, moto na kifo vilikuwa vimesifiwa kwa muda mrefu, na sasa baadhi ya vijana waliokuwa wakisikiliza waliona wamepewa amri. Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Mdomo wa Euronymous uliponza vichwa vingi kabla ya kugeukia cha kwake.

Mwezi wa januari 1993, gazeti la Bergens Tidende lilichapisha mahojiano na kijana asiyetajwa jina aliyejigamba kuhusu moto na mauaji. Alikuwa Vikernes. Polisi walimkamata, ingawa waliachilia baadaye kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Macho ya nchi nzima yaligeukia duka la Oslo. Euronymous alilifunga mwanzoni mwa mwaka huo. Kati yake na Vikernes uhusiano ulikuwa umeharibika, kukiwa na wivu wa uongozi na ugomvi kuhusu fedha za diski.

Wakati huohuo kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa karibu kukamilika. Mayhem walikuwa wakirekodi De Mysteriis Dom Sathanas katika Grieghallen, jumba la muziki la Bergen lenye jina la mtunzi Edvard Grieg, chini ya fundi wa sauti Eirik Hundvin, anayeitwa Pytten. Ukubwa wa jumba hilo unasikika katika ngoma za Hellhammer. Maneno mengi ya diski hiyo yalikuwa yameachwa na Dead. Kuyaimba, Euronymous alimwita Attila Csihar kutoka Hungaria, mtu ambaye naye alikuwa akifanya muziki wa elektroniki wa majaribio katika kundi lake la Plasma Pool. Csihar hakunguruma kama wengine. Aliimba kama padri aliyesahau sala yake, akivuta sauti na kuikunja. Gitaa la besi lilipigwa na Vikernes.

Usikilizaji wa makini wa gitaa la Euronymous katika diski hiyo unaeleza mengi. Wapiga gitaa wengi wa metali huzima nyuzi kwa kiganja ili mapigo yawe mafupi na makavu. Yeye aliziacha nyuzi zilie zote, mkono wa kulia ukitetemeka haraka bila kupumzika, mpaka noti zikaungana na kuwa wimbi moja. Ni gitaa, ndiyo, lakini wimbi hilo lina undugu na zile sauti ndefu zisizokatika alizozipenda katika diski za Berlin.

Hakuiona ikitoka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 agosti 1993, Vikernes alisafiri kwa gari kutoka Bergen hadi Oslo pamoja na mwanamuziki mwingine. Alipanda hadi nyumbani kwa Euronymous, ugomvi ukazuka, na mwenye nyumba akaishia kwenye ngazi za jengo. Mwili wake ulikutwa na majeraha 23 ya kisu. Vikernes alidai kwamba alijitetea. Mahakama haikumwamini. Mwaka 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21, adhabu kubwa kuliko zote katika sheria ya Norwei wakati ule, kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Aliyefuatana naye alihukumiwa miaka 8.

De Mysteriis Dom Sathanas ilitoka mwaka 1994. Familia ya marehemu iliomba sehemu za besi za Vikernes ziondolewe. Hellhammer aliamua kuziacha. Kwa hiyo aliyeuawa na aliyemuua wanasikika pamoja, wakipiga nyimbo zilezile, kwenye diski ambayo wengi wanaihesabu kuwa kilele cha aina hiyo ya muziki.

Njia iliyobaki wazi

Kilichofuata kinaonyesha kwamba safari ya Berlin haikuwa ajabu ya mtu mmoja. Mwaka 1994 Fenriz, mpiga ngoma wa Darkthrone, alitoa muziki wa sintesaiza peke yake chini ya jina la Neptune Towers, akifuata nyayo za Wajerumani haohao. Vikernes naye, akiwa gerezani bila gitaa, alitengeneza kwa kinanda cha umeme diski mbili zilizotoka mwaka 1997 na 1999. Ulver, kundi la Oslo lililoanza na metali nyeusi, liliiacha kabisa, na mwaka 2000 likatoa Perdition City, diski ya elektroniki ya usiku wa mjini. Mayhem wenyewe, waliofufuka mwaka 1995 Necrobutcher akiwa amerudi, waliingiza midundo ya mashine katika diski yao ya mwaka 2000. Mashabiki wengine walikasirika. Walisahau kwamba kundi hilo lilianza hivyo.

Csihar alirudi kuwa mwimbaji wa Mayhem mwaka 2004. Schnitzler aliendelea kutengeneza sauti zake hadi alipofariki dunia mwezi wa agosti 2011, akiwa na umri wa miaka 74. Mwaka 2018 filamu ya Lords of Chaos ilileta tena kisa cha Euronymous mbele ya watu wengi, na kama kawaida, moto na kisu vilichukua nafasi kubwa.

Maisha ya Øystein Aarseth hayana somo jepesi. Alifanya mabaya, na maneno yake yalisaidia wengine kufanya mabaya zaidi. Miaka 25 haikumtosha kuvua kinyago alichokivaa akiwa na 16. Lakini mtu anayenunua Deathcrush leo, kwa sababu ya sifa zote za kutisha zinazoifuata, bado anapokelewa mlangoni na mambo mengine kabisa. Kabla ya gitaa, kabla ya kelele, anasikia dakika mbili za mashine ya mzee wa Berlin, zilizoombwa kwa heshima na kijana aliyekuwa tayari kungoja nje.